Chombo Hakirudi Kitupu

Yamumbi, Eldoret
11 Juni 1989

Kwa mwanangu Kageha,

Salamu nyingi kama mvua ya huku. Hujambo? Kile kifua cha baridi kimepona? Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa ngumbaru akiiona asicheke.

Mahindi yamefika magotini. Juzi nilimpelekea Mama Thuo mboga za sukuma kwa bakuli, akalirudisha na maharagwe ya njahi. Unamjua huyo Wacera: tangu tuwe majirani, bakuli halijavuka ua likiwa tupu, liwe lake au langu. Lakini hana furaha. Thuo wake ameacha kuendesha lori za Kampala, amerudi nyumbani anakohoa. Hospitali wamesema ni kifua kikuu, na kila asubuhi anaenda kudungwa sindano. Watu wananong'ona ati ni ule ugonjwa mwingine.

Akina mama wa ushirika wa Alhamisi wananiuliza unasomea nini huko London, udaktari ama unesi. Mimi huwaambia "mambo ya damu", halafu naanzisha wimbo ili wasiulize zaidi. Nieleze vizuri, nikiwasomea barua yako nisione aibu.

Ni mimi Mama yako,
Kavetsa

London
2 Julai 1989

Mama mpendwa,

Natumaini goti limepoa. Mimi ni mzima, kifua kimepona, na baridi hii huku wanaiita joto.

Waambie hivi. Ndani ya damu kuna askari wanaoulinda mwili. Juu ya askari hao kuna kitu kama kitasa cha mlango, sisi tunakiita kipokezi. Virusi vya ukimwi hushika kitasa hicho ndipo viingie. Basi sisi tumechukua maagizo ambayo mwili wa mtu hutumia kutengeneza kipokezi, tukayapandikiza ndani ya seli za panya tunazozikuza kwenye chupa. Sasa seli hizo zinatutengenezea kipokezi cha binadamu, yaani kitasa bila mlango. Tukikitia kwenye mrija wa maabara, virusi vinakishika hicho na kuziacha seli. Nilipoona hivyo kwa macho yangu nililia. Hapa kila mtu anasema dawa iko karibu, na mimi nasema hivyo pia.

Nicanor anarudi nyumbani, amemaliza masomo. Nimempa akuletee chupa moja ndogo ya maabara, iliyokwisha kutumika. Nimeiosha, na jina la kipokezi bado limebandikwa juu yake. Iweke karibu na picha ya marehemu Baba.

Mtoto wako,
Kageha

Yamumbi
20 Agosti 1989

Mwanangu Kageha,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Mimi niko. Nicanor alifika, amenenepa mpaka mama yake akamuuliza jina. Chupa nimeipokea. Barua yako niliisoma Alhamisi, na pale uliposema dawa iko karibu walipiga vigelegele. Virginia alimshukuru Mungu kwa ajili yako, kwa maombi marefu hata chai ikapoa.

Nina swali dogo. Je, maji yaliyowekwa ndani ya ile chupa yanaweza kumsaidia mtu? Mtu kama Thuo. Nauliza tu. Siku hizi anakula vizuri, hata juzi alikaa nje akiota jua.

Usichelewe kujibu.

Mama yako,
Kavetsa

London
4 Septemba 1989

Mama mpendwa,

Hamjambo nyote? Nimeisoma barua yako nikairudia, na moyo wangu hautulii.

Jibu ni hapana. Chupa ile ilikuwa tupu. Hata ingekuwa imejaa, kitu chetu ni cha kufanyia utafiti, si cha kumpa mtu. Maandishi yale madogo ya Kiingereza kwenye chupa yanasema hivyo hivyo. Niambie, Thuo amekunywa nini? Bado anaenda kudungwa? Sindano za kifua kikuu zikiachwa katikati, ugonjwa hurudi na nguvu, na dawa zenyewe zinaweza kushindwa.

Niambie ukweli, Mama, hata kama ni mbaya.

Kageha wako

Yamumbi
29 Oktoba 1989

Kageha, mwanangu,

Goti ni zima. Mimi ndiye mgonjwa. Barua yako nimeilalia chini ya godoro tangu mwezi uliopita, maana naona haya hata kuitazama bahasha.

Siku ile nilipomaliza kuwasomea, Benta aliuliza kama dawa yenyewe ndiyo hiyo. Chupa ilikuwa mkononi mwangu na sifa zimenijaa kichwani. Nikasema ndiyo. Jioni Mama Thuo akaja jikoni kwangu akapiga magoti kwenye majivu, mwanamke ambaye hajawahi kuniomba hata chumvi. Hapo ndipo ningesema. Lakini nimwambie nini, na chupa nimpe tupu? Mkono wangu haujui kumpa jirani chombo kitupu. Nilichemsha maji, nikayaacha yapoe, nikajaza.

Alimpa Thuo kwa kijiko. Thuo akapata moyo, akaanza kula. Kisha akaacha sindano. Alisema zinauma, na ni za nini tena wakati dawa ya London imeshamwingia. Sasa anakohoa damu, mama yake anamwambia avumilie, dawa inafanya kazi.

Nisaidie, mwanangu. Andika barua nitakayoisoma Alhamisi, useme dawa ile nguvu zake zimekwisha, arudi hospitali. Andika hivyo tu. Thuo atatibiwa, na mimi nitabaki na uso wa kutembea nao.

Mama yako

London
9 Novemba 1989

Mama,

Rafiki yangu Seline anapanda ndege leo, ndiye anayeileta barua hii.

Siwezi. Nikisema nguvu zimekwisha, kesho Mama Thuo atapiga magoti tena akiomba chupa nyingine, na ataendelea kungoja badala ya kumpeleka Thuo hospitali.

Aibu hii si yako peke yako. Nilijua utaisoma barua yangu mbele ya watu, na nilitaka wakupigie vigelegele. Ndiyo maana niliandika "karibu". Wiki hii tumekijaribu kipokezi chetu kwa virusi vilivyotoka moja kwa moja kwa wagonjwa. Vimekipita kama havikioni. Sijui nitawatazamaje watu wa Yamumbi.

Usingoje Alhamisi. Vuka ua leo. Usipokwenda, Seline atakwenda, nimemwagiza.

Nisamehe.

Kageha

Yamumbi
17 Desemba 1989

Mwanangu Kageha,

Pokea salamu za mama yako. Kula vizuri, na uvae nguo nzito.

Seline alinikuta nachambua mboga. Niliisoma barua nimesimama, nikamwambia aketi anywe chai, maneno haya nitayasema mwenyewe. Mama Thuo alikuwa dukani kwake anapima sukari. Nilimwambia yote mbele ya wateja, kwa sababu ningengoja watoke ningerudi nyumbani.

Hakulia, wala hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu.

"Maji yalikuwa yamechemshwa?"

Nikasema ndiyo. Akawatoa wateja, akafunga duka, akampeleka Thuo hospitali. Wamemlaza. Wameanza kumdunga sindano upya, kuanzia ile ya kwanza, na hawaahidi kitu.

Alhamisi nilisimama nikawaambia akina mama pia. Hakuna aliyeanzisha wimbo.

Nilipika uji wa wimbi nikaupeleka wodini kwa bakuli. Mama Thuo aliupokea, akamnywesha mtoto wake, nami nikaondoka.

Jana asubuhi alikuja mlangoni kwangu. Alisema Thuo amelala vizuri kidogo. Akaniwekea bakuli langu mikononi, na ndani ya bakuli ile chupa yako, akageuka akaenda. Alikuwa ameviosha vizuri sana. Vyote viwili vilikuwa vitupu.

Mama yako,
Kavetsa