Mafundo Mekundu ya Mkanda wa Bama

Mpendwa Baba,

Pokea salamu nyingi, wewe na Mama na wote wa hapo Kabazi. Mguu wako unaendeleaje? Mvua imeshuka, au pareto bado inanyauka tu? Mimi ni mzima, ila baridi ya Uingereza imenipasua mikono mpaka nafanana na mkamuaji wa ng'ombe, na huku sikamui chochote.

Nina habari, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Hapa chuoni kila anayesomea ualimu lazima aongeze somo moja la kuchagua mwenyewe. Wenzangu wamechukua historia ya Roma. Mimi nimechukua historia ya utamaduni wa Wajapani. Najua utakachosema: "Mimi nilipigana na hao watu huko Bama, sasa wewe unaenda kuwasoma?" Ndiyo, Baba. Ulitusimulia jinsi walivyopigana huko Bama, ambako huku wanakuita Burma, lakini nilipokuuliza walikula nini, au kama walikuwa wanaimba, ulinituma nikaangalie ndama.

Basi sasa najua mengi. Wanavua viatu mlangoni. Bakuli la chai wanalizungusha mkononi kabla ya kunywa, na mgeni hulisifu. Mama angewapenda kwa hilo. Mwalimu wetu ni bibi mzee wa Kiingereza aliyeishi kwao kabla ya vita, na nikianza kumwuliza maswali darasa zima linatazama saa.

Wiki iliyopita alituletea picha ya kitambaa cheupe, kirefu, kimejaa mafundo ya uzi mwekundu. Nilishtuka. Kinafanana kabisa na kile ulichorudi nacho kutoka vitani, kile Mama anachofungia mbegu za maharagwe.

Mwalimu alieleza kwamba kijana alipoitwa vitani, mama yake alisimama njiani na kitambaa na sindano, akamwomba kila mwanamke aliyepita atie fundo. Moja tu, mpaka yatimie elfu. Ila aliyezaliwa mwaka ambao kalenda yao huuita wa chui milia aliruhusiwa kutia mengi, sawa na umri wake, kwa sababu wanasema mnyama huyo huenda mbali na hurudi. Kijana alijifunga mkanda huo kiunoni ili naye arudi.

Darasani tuna msichana Mjapani, Michiko. Alisema mama yake alisimama stesheni siku nne kwa ajili ya kaka yake. Kaka akapelekwa Bama, hakurudi, na mpaka leo mama anauliza ule mkanda uko wapi. Mimi niliinamisha kichwa nikajifanya naandika.

Sisemi ni ule. Mikanda ya namna hiyo ilikuwa mingi. Lakini ukingoni mwa kitambaa chetu kuna maandishi meusi, na Michiko anaweza kuyasoma. Naomba ruhusa yako dada yangu Chebet ayaige kwenye karatasi anitumie. Ukikataa sitamwambia neno, ingawa nitakaa naye darasa moja mwaka mzima na itaniuma.

Pia nina kosa la kukiri. Ile safu ya mafundo iliyofumuka, uliyomchapa ndugu yangu Kipruto kwa ajili yake, niliifumua mimi. Nilitaka uzi wa kushonea mpira wa matambara. Nilikata mafundo kama ishirini hivi, nikilalamika kwamba yamekazwa mno. Sasa nawawaza wale wanawake ishirini, kila mmoja amesimama njiani na safari zake. Nisamehe, na Kipruto anisamehe kwa viboko vyangu alivyokula.

Nisalimie Mama, Chebet, Kipruto, shangazi wa Salgaa, na yule mzee wa kanisa aliyeniombea safari. Mwambieni nilifika.

Baba, kuna jambo niliogopa kukuuliza nikiwa nyumbani. Wewe ulimwona mwenye mkanda. Alikuwa wa umri gani?

Mwanao,
Kiprono