Tangi Lililovishwa Shuka

Nyumbani kwa mama yako,
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mpwa wangu,

Shikamoo yako ya simu niliipokea. Marahaba, na nyingine naiweka akiba. Hujambo huko ugenini? Kifua kimepoa? Sisi huku wazima, magoti yangu tu ndiyo hulalamika kabla yangu. Mama yako hajambo kabisa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ile picha ya nyumba iliyovuliwa paa upande mmoja ilikunyima usingizi.

Upepo uling'oa mabati ya chumba chako, kisha ikashuka mvua ya mawe. Nimefundisha jiografia miaka mingi, lakini sikuwahi kushika jiwe la barafu la ukubwa wa limau. Nililipasua kwa kisu: ndani tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Tone hurushwa juu na upepo, likaganda, likashuka, likarushwa tena, na kila safari huvaa koti jipya, mpaka wingu lishindwe kulibeba. Lakini kulisoma hilo kitabuni na kulisikia likigonga bati juu ya utosi wako, ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kilichotusumbua baadaye ni bima. Mkadiriaji wao wa hasara alipotoa taarifa kuwa anakuja, mama yako alijiandaa kama anayepokea wakwe. Alifagia ua, akafukia vioo vilivyovunjika, akaosha kuta, na mabati yaliyong'oka akampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mgeni asikute takataka! Nilipofika, ushahidi wote ulikuwa umeng'arishwa.

Mkadiriaji ni binti mwenye ngazi begani na maneno machache. Alieleza kwa adabu kwamba bima hulipa dhoruba, hailipi uchakavu, na paa lile ni la zamani.

"Uzee haulipwi?" mama yako akauliza. "Basi mimi na kaka yangu tumekula hasara."

Binti alicheka. Mimi sikuweza. Bila bima paa halirudi, na bila paa ingebidi mama yako ahamie kwangu, aiache nyumba alimowazalia ninyi nyote. Jaribu wewe kumwambia ahame, uone.

Tukazunguka nyuma ya jiko.

"Mama, hapa pamefunikwa nini?"

"Hapo hapakuhusu, mwanangu. Njoo unywe chai."

Lilikuwa tangi la maji, lile kuukuu la bati. Nguvu zilimwishia kabla ya kulisugua, akaona haya, akalivisha shuka.

Binti aliomba ruhusa, akalifunua. Mpwa wangu, sijui nikwambieje. Upande mmoja, vumbi na masizi ya miaka yalikuwa yamejaa madoa yanayong'aa, kila pale jiwe lilipopiga likabandua uchafu. Upande wa pili hapakuwa na hata doa moja. Dhoruba nzima ilikuwa imeacha alama ya ilikotoka! Madoa hayo, binti alisema, hufifia haraka, kwa hiyo hayawezi kuwa ya zamani. Akapanda ngazi, akailaza chaki ubavu, akaipitisha juu ya mabati yaliyobaki upande uleule. Kila palipobonyea, chaki iliruka. Paa nililoliona zima kwa macho yangu likatoa vishimo kama nyota zinavyotoka jioni.

"Mawe yametokea kulekule," alisema, kwa sauti ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

Mama yako alisimama na shuka mkononi, hajui acheke au alie. "Yaani uchafu wangu ndio wakili?"

Juzi bima wamekubali. Mafundi wako juu sasa hivi, nyundo zao zinanivuruga mwandiko. Jana nilichukua kitambaa nilipanguse lile tangi, nikafukuzwa. "Shahidi haogeshwi!" Kila asubuhi mama yako hupita pale, akagusa doa moja kwa kidole, kisha akatazama mbinguni.

Msalimu mkwe wetu, na mjukuu wangu Kidomo umwambie babu anamdai hadithi. Mke wangu anakusalimu sana. Chumba chako kitakusubiri, na Mungu akulaze mahali pasipovuja.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.