Breki Zilikuwa Nzima

Jumamosi. Upepo wa Mlima Hanang na vumbi tangu asubuhi. Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Nimemgonga punda.

Gari letu la umeme tunaliendesha kwa zamu, mimi na mume wangu. Ukiachia pedali ya mafuta (tunasema mafuta kwa mazoea tu) linajizuia lenyewe na kurudisha chaji kwenye betri. Lijizuie kwa nguvu kiasi gani, unachagua kwenye skrini. Mimi naweka juu kabisa. Miezi sasa nashuka miteremko yote ya kwenda shuleni bila kugusa breki, na nimejisifu sana kwa walimu wenzangu.

Jana mume wangu alishusha nguvu hiyo hadi chini kabisa, kwa sababu baba yake alipanda akalalamika kichefuchefu. Sawa. Lakini hakuniambia! Asubuhi tumekunywa chai pamoja, akanipa ufunguo, akanitakia safari njema.

Nilikuwa nawahi masomo ya ziada ya kidato cha nne. Kwenye mteremko wa kuingia Nangwa nikaona punda wawili wenye madumu ya maji wanavuka. Nikaachia mafuta kama kawaida. Gari likaendelea tu. Nilipokumbuka breki nilikuwa nimeshachelewa. Punda wa mbele akavunjika mguu, madumu yakapasuka, maji yote barabarani.

Mwenye punda, bibi mtu mzima, akaja anachechemea. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, gari lako halina breki?"

Nikasema, "Lina hitilafu, bibi."

Unajua alichofanya? Alinipa pole. Akanionya kwamba gari hilo litakuja kuniua, nirudi polepole. Yeye ndiye aliyebaki na punda mmoja, na kisima kiko mbali kule bondeni, halafu ananipa pole mimi.

Mume wangu anasema nishikilie hapo hapo, gari liliharibika, basi. Nimemfokea mpaka majirani wakatoka nje. Abadilishe, anyamaze, halafu anifundishe la kusema!

Ila uongo huo hakuutunga yeye. Aliukuta tayari, nimeshausema.

Na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kuangalia skrini kabla ya kuondoka ni sekunde mbili, sikuangalia. Usukani niliushika mimi.

Kesho tukitoka kanisani nitajaza madumu mapya maji nimpelekee, na nitaendelea kumpelekea hadi apate punda mwingine. Mume wangu atakuja, apende asipende. Nitaanza kwa kumuuliza bibi jina lake, maana leo hata hilo sikumuuliza. Halafu nitamwambia: breki zilikuwa nzima, bibi. Mimi ndiye niliyeacha kuzikanyaga.