Jana Karibu Banioe

Feli bibi yangu,

Usikasirike, na usiniite mulevi mbele ya kusikia yote. Jana kijana mumoja ya Dilolo alikuwa karibu kunioa. Alinichagua ye mwenyewe, mbele ya bantu, na shangazi yake akapiga bigelegele. Mi nilikubali. Sasa kama uko umesimama, tafuta pa kukaa nikuelezee pole pole, juu nakujua weye: ukisikia nusu ya habari, unaanza kugomba kwa ile nusu ingine.

Niko nakuandikia ku terase ya Mama Lili, karibu na soko, ku meza yetu ile yenye muguu moja mufupi. Karatasi yenye ulikunja ukaweka chini ya ule muguu iko pale pale. Leo ni siku ya Mungu, misa imetoka, na mbele yangu kuko chai ya maziwa. Ndiyo. Chai ya maziwa, mi Odilo, muntu mwenye alikuwa anasema mbele ya kila muntu kama ile chai yako ni dawa ya batoto ya minyoo. Usicheke. Ku chai nitafika.

Misa yangu mi ilikuwa huku, unajua. Padri akianza tu kusema twende na amani, nilikuwa nimesimama kale, kofia mu mukono, na weye unanivuta koti: "Odilo, acha Mungu amalize!" Kisha tunakuya hapa. Pombe ya baridi ya muzee, chai ya mama na sukari sawa vile unatengeneza jamu, na sahani moja ya michopo tunakula shi wawili. Mafuta ya ile mbuzi ulikuwa unayachagua weye. Mi ulikuwa unaniachia mifupa, unasema juu meno yangu iko nguvu. Malori ya mugodi ya Mashamba yakipita, unafunika kikombe na kisahani, na unaendelea kusema ndani ya vumbi sawa vile hakuna kintu imepita. Tena ulikuwa unasema nini? Nguo za bantu. Mushonaji hapumuzikake. "Angalia ule mama. Mukono ya kuume iko mufupi kuliko ya kushoto. Nani alimushonea, adui yake?" Pombe ilikuwa inanitokea ku pua. Nilisikia mahubiri mingi mu maisha yangu, lakini yako tu njo nilikuwa ninaikumbuka mpaka Kazi Tatu, katikati ya juma.

Na mafete! Ubatizo, komunyo, ndoa, mutoto ya jirani amefaulu masomo, tuko pale. Kila fete kitenge moja: shati yangu na nguo yako, kitambaa ile ile, mashini ile ile. Tukitokea ku mulango, mashemeji banasema: "Rideau za dirisha zimefika." Wivu tu. Hata kule Nzilo, siku ile tulipanda mu lori na kwaya kwenda kula samaki karibu na maji, ulinivalisha shati ya maua makubwa, na upepo ikakunyanganya kofia. Ulinituma nikaiokote mu maji. Mi, na umri ile! Nikaenda.

Lakini ndoa njo ilikuwa ufalme yako. Unakumbuka ya Klemansi, mutoto wetu wa kwanza? Bamama batatu bamekaa pamoja, kila mumoja amefunikwa kitenge toka kichwa mpaka miguu, na bakwe banapashwa kutambua wapi njo bibi-harusi. Bakikosea, banatoa kasiya ya sukre, zile soda. Ule mujomba ya bwana-harusi, mwenye tumbo, akajiamini sana. Akakuya moja kwa moja kwako, akafunua: mama mukwe! Muntu mwingine angesikia haya. Weye ulimushika mukono, ukasema: "Nimekubali. Twende." Ulifika naye mpaka inje, ku mulango ya lupango, mi nikalazimika kuacha nyama yangu na kukufuata. Toka siku ile hakuna ndoa ya jamaa yetu yenye ilifanyika bila weye chini ya kitenge. Bantu walikuwa wanakualika mbele ya kualika padri.

Kisha ukaenda. Ile siku sitaiandika. Ulikuwapo.

Nyuma yako mi nilijifunga sawa duka. Bakinialika, nasema muguu inaniuma. Mara ya kuume, mara ya kushoto, mpaka Klemansi akaniuliza: "Tata, leo ni muguu gani, tuuandike?" Kwenda ku soko napita njia ya nyuma, kule kwenye matope, juu Mama Lili asinione. Na dada yako Monika, mwenye kupashwa kunitoa mu kilio, kuninawisha na maji na kunikata ile kitambaa nyeusi ku mukono, kila akifika alikuwa anasema: "Bado." Na mi namujibu: "Bado." Feli, toka nikuoe, mi na Monika hatujapatanaka ku neno ingine.

Tulikuwa tunaendelea vile, bado na bado, kumbe Feli Kadogo njo huyu anakuya. Mujukulu yetu, mutoto ya Klemansi, jina yako, mbanya yako, ni kusema muke-mwenza. Unakumbuka vile ulikuwa unamuambia akiwa angali mutoto: "Mbanya, leo ni zamu yako. Muzee wetu ananuka pombe, mupikie weye"? Na ye, na mikono yake midogo ku kiuno, anakujibu: "Hapana, mbanya, weye mukubwa njo ulimuzoesha vibaya." Sasa amekuwa mwanamuke. Akakaa mbele yangu, akaniambia kuko Fabrisi, fundi ya magari, bakwabo beko Dilolo, banakuya kumuoa.

Mi kambo yake, babu yake, nilipashwa kupandisha hasira sawa bwana mwenye ananyanganywa bibi. Nilipashwa kuomba jogoo ya kunibembeleza, na kusema ule kijana ana masikio ya popo. Ile njo kazi ya kambo. Lakini nilisema tu: "Mungu abariki. Mutaniletea sahani."

Aliniangalia sawa vile muntu amefika ku duka yake ya kila siku, akute bamepiga misumari ku mulango. Hakulia. Alisema: "Kambo, mi njo bibi yako. Kama hauko, sitoki mu chumba. Bakwe barudie Dilolo na mbuzi yabo." Akaenda. Na ule mutoto, unamujua, alikamata jina yako pamoja na kichwa yako yote. Akisema hatoki, hatoki.

Siku ikafika. Nilivaa ile shati. Unaijua ile? Mbele ya ugonjwa ulinunua kitenge ya hii ndoa, hata bwana-harusi alikuwa hajapatikana. "Atapatikana," ulisema, "na vitenge bizuri haingojeke." Shati yangu ulimaliza. Yako ilibakia kitambaa nzima, imekunjwa mu kabati na zile dawa za nondo. Niliitia mu mufuko nimupatie Feli Kadogo sawa zawadi. Niliwaza hivi: nasalimia, naacha mufuko, narudia na muguu yangu yenye kuuma.

Kwa Klemansi, lupango ilijaa. Bakwe bako ku mulango ya inje banaimba, banapiga mikono, banaomba njia. Naingia mu chumba ya bibi-harusi. Feli Kadogo ameketi ku mukeka, binamu yake ameketi pembeni, na katikati yabo kuko nafasi. Ile nafasi, kila muntu alikuwa anaangalia pengine. Monika amesimama pale sawa polisi ya barabara: "Hakuna mwenye atakaa mahali ya mudogo yangu. Bawili banatosha." Na machozi ya mutoto inaharibu poda yenye walimupaka asubuhi nzima. Inje banaimba. Ndani hakuna mwenye alikuwa anafunika mwingine.

Mi niliangalia ile nafasi, Feli. Niliiogopa mwaka nzima, ile nafasi. Ku kitanda, ku meza, ku kanisa. Na pale ku mukeka nikaona ni kidogo tu. Muntu mumoja anaweza kukaa.

Nikatoa kitenge yako mu mufuko, nikaketi.

Monika akapiga kelele: "Weye muzee, umekunywa? Muntu ya kilio hafunikwake na nguo ya ndoa! Unataka kulaani mutoto?"

Nikamuambia: "Basi nitoe mu kilio. Sasa. Bakwe banangojea."

Alinikodolea macho. Nilifikiri atanipiga, na unajua mukono yake. Nikaona macho yake imeshuka ku ile kitambaa nyeusi, na nikajua ye naye, ile "bado" yake haikuwa ya desturi. Alikuwa anaogopa: akinikata ile kitambaa, mudogo wake atakuwa amekwenda kweli. Sikufanya utani. Ndiyo, mi. Shuhudia: mara moja mu maisha nilinyamaza.

Akaita maji. Baliyaleta mu bassin ya kuoshea mboga, haikuwa na heshima yoyote. Akaninawisha uso, akaninawisha mikono, akachukua makasi ya mushonaji, yako, ile Klemansi alirizi, akakata kitambaa nyeusi. Ilianguka ku mukeka. Akajipangusa pua, akasema: "Feli alikuchagua, mi sikukuchagua. Haya, kunja zile miguu, muzee mubaya. Bibi-harusi gani ana miguu sawa ya ngamia?"

Mule ndani ya kitenge kuko giza na dawa ya nondo, na chini ya dawa ya nondo kuko sabuni yako. Sikuitegemea. Nikaanza kutetemeka.

Bakwe bakaingia. Nasikia Fabrisi anazunguka, viatu vyake inalia kwi, kwi. Shangazi yake, mama moja ya sauti kubwa, akasema: "Angalia huyu wa katikati anatetemeka! Mutoto mwenye adabu, anasikia haya. Njo yeye, kamata!" Na akapiga bigelegele mbele ya kuhakikisha, sawa ule mujomba mwenye tumbo. Bantu ya Dilolo haikose kujiamini.

Kitenge ikapanda. Chini ya kitenge, shati ya kitenge ile ile, na juu ya shati ndevu yangu. Kijana akaruka nyuma, akakanyaga shangazi. "Mama yangu!" alisema. Na mi nikamushika mukono, nikatengeneza sauti yako: "Nimekubali. Twende."

Feli. Ungesikia. Nyumba ile, toka tukuzike, ilikuwa haijacheka. Klemansi alikaa chini kabisa ku mulango. Monika alijishika ku ukuta. Na pembeni yangu, chini ya kitenge yake, mbanya yako akacheka mpaka kitenge yote inaruka, na hata kipofu angejua sasa wapi njo bibi-harusi. Fabrisi akamufunua. Poda iliharibika yote. Alikuwa muzuri kupita.

Kasiya ya sukre walitoa. Mi nilidai na jogoo, juu ya haya yenye nilisikia. Na nilimuambia kijana mbele ya bantu kama ana masikio ya popo. Akacheka. Nafikiri ni kijana muzuri.

Nilicheza pia. Na nani? Na Monika, mama! Anacheza sawa lori yenye inatafuta pa kugeukia. Alinikanyaga muguu ya kuume, kisha ya kushoto, na leo kwa mara ya kwanza yote mbili inauma kweli. Klemansi hataamini.

Asubuhi ya leo bwana na bibi bamenipitia mbele ya kushika njia ya Dilolo, bakakaa na mi hapa. Mama Lili alipoona niko nafika na njia ya mbele, akapangusa meza yetu. Alileta pombe yangu na chai yako, sawa zamani, kisha akasimama, hakujua aiweke wapi ile chai. Feli Kadogo alikuwa amekaa ku kiti yako. Nilimuambia Mama Lili: "Chai ni yangu. Pombe upatie fundi, ataihitaji, anaoa mu jamaa yetu." Lori ikapita. Na ule mutoto, hakuna mwenye alimufundisha, akakamata kisahani akafunika kikombe yangu, na akaendelea kusema.

Sasa bamekwenda. Chai nimeonja. Iko mubaya, Feli. Iko tamu kupita, inashika ku meno. Nimekunywa nusu na nitamaliza.

Nakuahidi hivi. Kila siku ya Mungu nitakuwa hapa, nikinywa hii dawa yako ya minyoo, na nitaangalia mikono ya nguo za bantu kwa niaba yako, ijapokuwa mi sioni tofauti. Ubatizo ya mutoto ya jirani iko inakuya, nitaenda. Kitenge yako nimemupatia mbanya yako aende nayo Dilolo, lakini kwanza Monika amekata kipande anishonee kofia. Ile muguu ya meza sitaitengeneza. Na bibi mwingine, hapana: Monika mwenyewe alisema mbele ya bote kama ule walinipatia alitosha.

Lala muzuri, mama. Siku mi nitafika kule, nakujua: utajifunika kitenge katikati ya bamama bote ba kule, utanyamaza, unangoja nikosee, mutanidai kasiya. Jifunike tu. Nitapita mbele yabo pole pole, na nitakamata ule mwenye kitenge yake inaruka kwa kucheka.

Lakini sina haraka. Chai ingali.

Bwana yako,
Odilo