Alarme ya mto haijalia

Lambert, kaa kwanza.

Unajua Bilali wa bureau yetu ya mto alihamisha base de données, kule namba zote za kipimo cha mayi zinawekwa, ku mashine mupya, processeur ya aina ingine. Ilifunguka bila kosa. Chef akamusifu: "Mwezi muzima alarme ya mayi kidogo haijalia."

Haijalia, Lambert.

Leo Bilali ameenda kuangalia kipimo na macho yake. Mayi iko chini ya zéro, mawe inaonekana.

Processeur ya zamani ilisoma namba za chini ya zéro. Hii mupya inazifanya namba kubwa. Donc kwake mto umejaa.

Alimuambia chef. Chef akarudilia, polepole: "Lakini alarme haijalia."

Bateau ya Yangambi iliondoka asubuhi. Capitaine hapatikane ku simu.

Mama yako alipanda?