Kiwanja cha Nane

Balsall Heath, Birmingham
3 Juni 2025

Wifi yangu Asmahan,

Hujambo wewe na watoto? Mimi mzima, tumbo tu linanisumbua. Ningepiga simu, ila sauti yangu siiamini.

Kaka yako ameniacha Jumatano iliyopita, talaka moja. Amehamia Hodge Hill kwa rafiki yake, mimi nipo nyumbani nakaa eda. Kwa hiyo safari yetu ya Julai, mimi na wewe, haipo. Viwanja saba vya besiboli huko kwenu Marekani kwa miaka saba si haba. Sijui kama bado unanihesabu wifi.

Wifi yako,
Rehana

Baltimore
15 Juni 2025

Rehana wangu,

Salamu nyingi, na pole. Hilo tumbo lipe tangawizi.

Kaka Haroun alinipigia. Nimemwambia mke kama wewe hampati tena, hata akitafuta kwa tochi. Ligi inakwenda mpaka mwisho wa Septemba na eda yako inaisha Agosti, basi tiketi zetu mbili za Pittsburgh, kiwanja chetu cha nane, nimezisogeza hadi Septemba. Bila wewe siendi, huo mpira wenyewe siuelewi. Ila akija kukurejea, mpokee.

Wifi yako,
Asmahan

Birmingham
22 Agosti 2025

Wifi yangu,

U hali gani? Mimi tumbo limepoa.

Haroun alikuja jana na halua. Yuko tayari kunirejea, kwa sharti niache kuzurura viwanjani na wewe. Anasema ukaidi umenifundisha wewe. Nimemwambia halua aiache, yeye aende.

Eda inaisha wiki ijayo. Tuonane Pittsburgh.

Wifi yako,
Rehana

Baltimore
5 Septemba 2025

Rehana,

Natumai u mzima. Sisi hatujambo.

Mama amepiga simu kutoka Unguja. Anasema nimevunja nyumba ya mwanawe kwa ajili ya mpira, na nikisafiri na wewe nisikanyage kwake tena. Ana miaka themanini na moja, Rehana.

Tiketi yako hii hapa. Yangu nimeirudisha. Kaa upande wa kivuli. Nisamehe.

Asmahan

Birmingham
19 Septemba 2025

Asmahan,

Mama hajambo? Mpe salamu zangu, akizitaka.

Nilikwenda. Uwanja uko ukingoni mwa mto, mzuri kweli. Nani kashinda, sikuangalia.

Kaka yako sikumlilia hata siku moja. Wewe nilikulilia palepale kitini, mpaka mama mmoja akanipa leso, akanifariji kwamba timu yetu itafanya vizuri mwakani.

Shoga yako,
Rehana