Nyasi Tulizofunikia Miche

Muleba, Jumatano asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi Hamida amemwaga uji wake wote chini ya nguzo ya mlango. Si kwa utundu. Ameumimina polepole, akachuchumaa, akachomoa nyasi kidogo katika zile zilizotandikwa kwenye sakafu ya mama mkwe, akazipanga juu ya ule uji kuizunguka nguzo, akazipigapiga kwa kiganja na kuiambia nguzo, "Lala." Kisha akaniangalia nimsifu. Nimemsifu, Mama, halafu nikageukia ukutani asinione uso. Alichofanya kajifunza kwangu, na ndicho kilichoniharibia siku zangu hapa.

Kwanza niambieni, hamjambo nyote hapo Nyanga? Ule mguu wako bado unakuuma ukikaa sana? Baba cherehani yake imepata sindano au bado anashona kwa mkono? Zaina mdogo wangu, wewe unayesoma, usiende mbio kama unakimbizwa, Mama asikie kila neno. Sisi huku miili ni mizima. Hamida ameota meno ya nyuma na anasema Kihaya kuliko Kiswahili, Baba asikasirike. Baba yake Hamida bado yuko Uganda kwenye pamba. Ameandika mara moja tu, anasema atakuja. Mimi namwamini.

Mnakumbuka niliwaandikia kwamba nimepata kazi kilimani. Mama, wewe ni mtu wa huku, unajua mambo yalivyo: kibanja na migomba yake ni cha mwanamume na ukoo wake, lakini kule rweya, kwenye nyasi tupu, mwanamke alikuwa na msiri wake, kishamba cha njugu mawe anachokilima na kukivuna mwenyewe bila kumwomba mtu. Basi kilima cha juu ya chemchemi yetu kilikuwa chote misiri, mpaka kileleni. Mvua ikinyesha udongo unashuka na chemchemi inakuwa nyekundu. Mwaka jana tulikuwa tunachota tope, tunaliacha litulie mtungini ndipo tumpe mtoto. Serikali ikafunga kilima. Hakuna kulima, hakuna kuchoma nyasi, hakuna ng'ombe. Tukaandikwa kazi ya kuchimba makinga, ile mitaro inayokikata kilima kwa ubavu ili maji yasiteremke kwa nguvu, na baadaye kupanda mikaratusi.

Bwana Shamba si mtu wa huku, Kihaya hakijui hata salamu. Alipouliza nani anasoma na kusema Kiswahili, wote wakanisukuma mbele, nikawa nyapara wa wanawake. Mama mkwe alicheka siku hiyo. "Mikono ya mjini," akasema, "mikono ya kushika sindano, leo inasimamia majembe." Mimi sikujali, kwa sababu Bwana Shamba alikuwa ameahidi mbele ya mukungu, mkuu wetu wa kijiji, kwamba miche ikisimama mpaka mvua za vuli, upande wa chini wa kilima utafunguliwa na kila mwanamke atapewa tena msiri wake. Jina langu aliliandika la kwanza. Mama, sijawahi kuwa na mahali ninapoweza kusema hapa ni pangu. Nilikuwa nikishuka jioni napita pale, naweka jiwe juu ya jiwe kama alama.

Kiangazi kikaja kikali. Bwana Shamba akaitwa Bukoba, akaniambia, "Itunze miche hii kama watoto wako," akaondoka na baiskeli yake. Wiki ya pili majani yakaanza kujikunja. Tulipandisha maji kwa vibuyu, lakini mnajua kilima, ukifika juu kibuyu ni nusu. Ndipo nikawaza migomba. Nilipoletwa huku sikujua kitu cha shamba, na jambo la kwanza nililofunzwa na mama mkwe ni kutandaza nyasi kavu chini ya migomba, nzito, mpaka udongo usionekane, jua lisiunyonye. Ndilo jambo moja la kilimo ninalolijua vizuri. Nikawaambia wanawake: tukate nyasi, tuifunike miche yote.

Walifurahi, kazi hiyo wanaijua tangu utoto. Aliyekataa ni mmoja, bibi mzee, Mkaikuru Kokugonza. Huyu ni mjane, jirani yetu, ndugu za mumewe walichukua kibanja wakamwachia nyumba na uani. Msiri wake kilimani ndio uliokuwa unamlisha. Tangu kilima kifungwe alikuwa akiisema miti ile waziwazi, hata mbele ya Bwana Shamba, mimi nikitafsiri: "Mtakula majani yake?" Kwa hiyo alipokuja kunikataza nilidhani ni yale yale.

"Wee mtoto wa fundi cherehani," akaniambia, "huku si kibanjani. Kibanjani kuna samadi, kuna kivuli. Hii ni rweya. Nyasi kavu huku zinaita mchwa."

"Mkaikuru, hukuitaka miti hii tangu mwanzo," nikamwambia. "Leo unaihurumia?"

"Sihurumii miti. Nahurumia msiri wangu. Miti ikifa, msiri sirudishiwi."

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka nao, Mama. Nikamwambia kama hataki kukata nyasi akae kando atuachie njia. Mtu mwenye umri wa bibi yangu. Akakaa kando.

Hazikupita siku nyingi. Niligusa mche mmoja nikitaka kuona kama udongo una unyevu, ukaanguka mkononi mwangu kama kijiti cha kuni. Nikagusa wa pili. Chini ya nyasi kumejaa ule udongo laini wa mchwa, umepakwa kuzunguka shina kama lipu, na ndani shina limetafunwa pande zote. Mstari mzima. Na wa pili yake. Nilichukua miche miwili nikaifunga kwenye kanga, nikashuka, sikumwambia mtu. Nikajiambia kesho nitafikiri. Hiyo kesho, Mama, ndiyo iliyonimaliza.

Kwa maana Kokugonza yeye hakungoja. Alipanda alfajiri na jembe lake, peke yake, kwenye kilima kilichofungwa, akaanza kufunua mistari ya juu ambako mchwa hawajafika, anakusanya nyasi anazirundika mbali. Mjumbe wa mukungu akamkuta hapo, jembe mkononi, na chini yake miche imelala kilima kizima. Wakamshusha kama mwizi.

Bwana Shamba aliporudi alipanda kilimani nasi. Mchwa walikuwa chini ya nyasi, na yeye hakuinama. Aliona vishina vimekatika na rundo la nyasi, akasikia habari ya jembe, akakumbuka maneno ya yule bibi ya mwaka mzima. Akasema kilima kitabaki kimefungwa na misiri hairudi. Halafu akanigeukia. "Ama ni huyu bibi kwa chuki yake, ama ni nyapara wangu kwa uzembe wake. Nani?"

Wanawake wote waliniangalia mimi. Nikatazama miguu yangu. Yeye akachukua kunyamaza kwangu kuwa jibu, kwamba ni yule bibi, akaondoka.

Mama mkwe amenikataza kusema. "Una mtoto," ananiambia kila nikikaa. "Mume yuko mbali. Ukifukuzwa kazi mtakula nini? Yeye mzee, watamwonya tu." Si kweli. Wanasema atafungwa, na hata ile nyumba mukungu anasema ni ya kuangaliwa upya. Na wale wanawake waliokata nyasi pamoja nami sasa wanakwenda chemchemini kwa makundi, nikifika mazungumzo yanakatika. Hawanilaumu kwa mdomo. Wanasubiri. Mmoja tu ndiye aliyesema, tena kwa upole, "Mama Hamida, maji ni mazuri siku hizi, sivyo?" Na ni kweli, chemchemi imekuwa nyeupe, makinga yameshika, unaona mpaka changarawe chini. Nimechota, nikarudi nyumbani yakanishinda kunywa.

Jana nilipanda tena. Mistari ya juu, ile aliyoifunua Kokugonza kabla hajakamatwa, imesimama. Imekonda lakini imesimama, na ina vijani vipya. Nilikaa pale nikalia kidogo, halafu nikapata nguvu kidogo. Mtu akipelekwa pale akainama, ataona mwenyewe aliyeiponya ni nani.

Baraza ni leo. Na nani mnadhani ameitwa kutafsiri? Bwana Shamba hajui Kihaya, Kokugonza hajui Kiswahili. Ni mimi. Nitasimama katikati yao, maneno yake yote atakayojitetea yapite kinywani mwangu, pamoja na lile la mchwa, na lile la mimi kumcheka.

Nisalimieni Baba, mwambieni anisamehe ikiwa nitarudi na mtoto mgongoni bila kazi. Nisalimieni bibi mzaa mama kule Maruku, na shangazi anayeuza vitumbua sokoni, na mjomba wa gari la kahawa atakayewaletea barua hii. Jirani yetu mke wa mwalimu mpeni pole ya msiba, nimechelewa kusikia. Zaina, soma kwa bidii.

Ni mimi mwanao, mama wa mjukuu wako mwagaji uji,
Rukia

Nimekwisha kutia jina lakini karatasi imebaki na hawajaniita bado. Nimetoa ile miche miwili kwenye kanga. Udongo wa mchwa bado umeshika, mkavu kabisa, haujapukutika. Hamida anataka kuishika, nimemwambia hapana, hii ni ya Mama. Ameleta nyasi aifunike. Nimemfundisha kuziondoa. Tumeziondoa pamoja moja moja na amecheka, kumbe kwake ni mchezo ule ule. Nimeona nikupe neno hili, Mama, ili lisije likabadilika nikifika pale: kabla sijatafsiri neno la mtu yeyote nitaanza na langu, nitaiweka miche hii mbele ya Bwana Shamba nimwambie ainame aitazame, na kwamba

ni sauti ya mjumbe uani, ananiita, "Mama Hamida, bibi amekwisha fika, wanakungoja wewe tu," ngoja nimalizie, kwamba nyasi zile niliamuru mimi, na yule bibi alinikataza nami